Askari Atasimama Wapi? Chumba cha Kujidungia Unga chini ya Uangalizi na Hali ya Mombasa

Kifungu cha 5 cha sheria ya Kenya ya kudhibiti mihadarati, ya mwaka 1994, ni kifupi lakini kina mkono mrefu. Kinamtia hatiani anayevuta, anayenusa au anayetumia mihadarati kwa njia nyingine yoyote. Kinamtia hatiani anayekutwa bila sababu halali katika nyumba au chumba ambamo watu huenda kuitumia. Kinamtia hatiani mwenye jengo, au msimamizi wake, anayeruhusu jengo hilo litumiwe hivyo. Na kinamtia hatiani aliye na kifaa cha kutumia. Adhabu ni faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ukikisoma kifungu hicho huku ukiwaza pendekezo la kufungua chumba ambamo mraibu wa heroini anajidunga mbele ya muuguzi, utaona kwamba kimeshakamata kila kilichomo ndani: mteja, muuguzi, mwenye jengo na bomba la sindano.

Mjadala kuhusu vyumba vya namna hii, vilivyoko Ulaya, Kanada na Australia kwa miaka mingi sasa, kwa kawaida huendeshwa kwa hoja mbili zinazopishana bila kukutana. Watu wa afya hutaja maisha yaliyookolewa, na watu wa maadili hutaja kile ambacho vijana watajifunza pindi serikali itakapokodi jengo ili watu wabwie unga ndani yake. Hoja zote mbili zina uzito na nitazipima. Hata hivyo, kwa mji kama Mombasa, naona swali linaloamua kama jambo hili linawezekana ni la tatu, nalo ni la mtaani kabisa: mteja akiwa na kete ya unga mfukoni, hatua mia moja kutoka mlangoni, askari aliyepo barabarani atafanya nini?

Chumba chenyewe ni kitu cha kawaida kuliko jina lake. Mteja huja na unga alioununua mwenyewe nje, kwa kuwa kituo hakiuzi wala hakigawi dawa. Hupewa bomba jipya, maji safi na nafasi yenye mwanga, na muuguzi hukaa karibu akimtazama bila kumdunga. Akizidiwa na pumzi zikaanza kupungua, hupewa oksijeni, na ikibidi hupewa naloksoni, dawa inayoiondolea heroini nguvu mwilini na kumrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache. Baadaye huketi kidogo kabla ya kuondoka, na mara nyingi ni katika dakika hizo ambapo mazungumzo kuhusu kidonda cha mkono, kipimo cha VVU au nafasi ya kuanza methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, hufunguka. Mtu aliyezoea kujidunga chooni au nyuma ya ukuta kwa haraka ya kuogopa kukamatwa hana nafasi ya mazungumzo kama hayo.

Chumba cha kwanza kilichoruhusiwa kwa njia hii kilifunguliwa Bern, Uswisi, mwaka 1986. Waswisi hawakufika huko kwa ulegevu wa maadili, kama inavyodhaniwa na wengi, kwani miaka michache baadaye mji wao wa Zurich uliwaacha waraibu wakusanyike katika bustani ya Platzspitz, wakajidunga hadharani kwa mamia kila siku, mpaka bustani hiyo ikafungwa mwaka 1992 baada ya jaribio hilo kushindwa vibaya. Sera iliyofuata iliunganisha kinga, matibabu, kupunguza madhara na nguvu ya polisi, na vyumba vilikuwa sehemu ndogo tu ya mpango huo. Jambo hili linasahaulika kwa urahisi pale Uswisi inapotajwa kama shahidi: chumba hakikufanya kazi peke yake hata siku moja.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Sydney na Vancouver. Chumba cha Sydney, katika mtaa wa Kings Cross, kilianza mwaka 2001, na tangu hapo watu wamejidunga humo zaidi ya mara milioni 1 bila yeyote kufia ndani, ingawa maelfu walizidiwa na kuhudumiwa. Vancouver ilifungua kituo chake, Insite, mwaka 2003, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba vifo vya kuzidisha dozi katika eneo la mita 500 kuzunguka kituo vilipungua kwa asilimia 35, huku sehemu nyingine za mji zikipata upungufu wa takriban asilimia 9. Huu ni ushahidi mzito, na anayeupinga anatakiwa aje na hesabu, kwa sababu ghadhabu peke yake haiwezi kuupangua.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili ambao watetezi huupitia haraka. Nafuu ilionekana ndani ya mita 500. Heroini haimpi mtu muda mrefu: saa chache baada ya dozi arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, huanza kuuma mwili, jasho linamtoka, tumbo linasokota, na aliyefika hapo hatembei nusu saa kutafuta chumba safi wakati kete iko mkononi. Mraibu hujidunga mara tatu au nne kwa siku, ilhali kituo cha Glasgow, Uskoti, kilichofunguliwa Januari 2025, hufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Kwa hiyo chumba kimoja huwahudumia wale wanaoishi au kulala karibu nacho, kwa baadhi tu ya dozi zao. Panapokuwa na mtaa mmoja uliojaa waraibu, kama Downtown Eastside ya Vancouver, hilo linatosha kubadili idadi ya vifo. Waraibu wanapotawanyika, chumba hicho hicho huwa kama kisima kimoja kwa vijiji kumi.

Mombasa imetawanyika, tena kwa maji. Maskani za mateja, yaani waraibu wa unga, ziko Mji wa Kale, ziko Kisauni ng'ambo ya daraja la Nyali, na ziko Likoni ng'ambo ya kivuko. Chumba kikiwekwa kisiwani, mtu wa Likoni atalazimika kupanda feri na unga mfukoni, apite kivukoni mbele ya maafisa wa usalama, ashuke na atembee, yote hayo huku mwili ukimdai. Nani atafanya hivyo mara nne kwa siku? Kikiwekwa Likoni, wa Kisauni watabaki nje. Shida hii tumekwisha kuiona kwa methadoni, ambayo ni lazima inywewe kila siku mbele ya mhudumu. Tangu kliniki zifunguliwe Malindi na Kisauni mwaka 2015, nauli ya kila siku imekuwa kikwazo cha kweli kwa mtu asiye na kazi, na methadoni ina faida kwamba dozi moja humtuliza mtu kwa siku nzima.

Lipo pia suala la namna unga unavyotumiwa hapa. Heroini ya Pwani ya Afrika Mashariki hutoka Afghanistan kwa njia ya bahari, ikipakiwa kwenye majahazi katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na kuletwa kusini. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwa muda mrefu unga uliofika ulikuwa ule wa kahawia wa kuvuta, na kujidunga kulienea zaidi baada ya unga mweupe, unaoyeyuka kwa urahisi, kuingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata leo wapo wengi wanaouchanganya na bangi katika sigara, na kwao chumba cha sindano hakina maana. Cha Glasgow, kwa mfano, hakina nafasi ya kuvuta. Aidha, Kanada inapigana na fentanili, ambayo chembe chache zake huua, na hofu hiyo ndiyo inayofanya kila dakika ya uangalizi iwe na thamani kubwa. Kwetu vifo vya kuzidisha dozi vipo, ila haviandikwi. Kijana hukutwa asubuhi amekauka nyuma ya kibanda, watu wakasema unga umemuua, akazikwa kabla ya adhuhuri bila daktari kumwangalia. Katika hali hiyo hata chumba kingeokoa maisha, hatungekuwa na daftari la kuthibitisha.

Madhara ambayo tuna hakika nayo zaidi ni ya damu. Takwimu zilizotumiwa Kenya kwa muda mrefu huweka VVU kwa wanaojidunga kuwa takriban 18 kati ya kila 100, mara tatu ya kiwango cha watu wazima kwa jumla kilichopimwa mwaka 2012, na homa ya ini aina ya C huenda nayo bega kwa bega. Dar es Salaam, mwaka 2005, watafiti waliandika juu ya desturi iliyowashtua hata wao: mwanamke aliyepata unga alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba, akampa mwenzake mwenye arosto ajidunge damu hiyo akiamini itamtuliza. Kitendo hicho kilizaliwa na umaskini na huruma kwa pamoja. Kwa wanawake hawa, ambao wengi wao huishi kwa kuuza miili na ambao huduma zilizojaa wanaume mara nyingi huwatisha, chumba chenye mlango wao, saa zao na muuguzi wa kike kinaweza kuwa na thamani kuliko ilivyo kwa kundi jingine lolote. Ningeambiwa nichague hoja moja tu yenye nguvu ya kuunga mkono chumba hapa Pwani, ningechagua hii, na ningeiacha ile ya Vancouver.

Upinzani wa majirani nao haupaswi kudharauliwa kama ujinga. Melbourne iliweka kituo chake cha mwaka 2018 katika mtaa wa North Richmond, jirani na shule ya msingi, na malalamiko ya wazazi kuhusu sindano na watu waliolewa nje ya uzio hayajaisha; mwaka 2024 serikali ya jimbo hilo iliachana na mpango wa kufungua kituo cha pili katikati ya mji. Ontario, Kanada, ilipitisha sheria iliyofunga vituo vilivyokuwa ndani ya mita 200 kutoka shule na vituo vya kulelea watoto, ikatekelezwa mwaka 2025. Watetezi hujibu kwamba waraibu walikuwapo mtaani kabla ya chumba, na mara nyingi ni kweli. Lakini pusha naye ana akili ya biashara. Akijua wateja wake hupita kona fulani kila asubuhi, atahamia kona hiyo, na mama anayeuza mahamri pale ndiye atakayeishi na matokeo. Katika mitaa ya Mombasa, ambako madrasa, shule na msikiti hutenganishwa na vichochoro, sharti la mita 200 lingefuta karibu kila kiwanja kinachofaa.

Katika dini, mambo si mepesi upande wowote. Serikali ya Kenya ilipotangaza mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano safi, baadhi ya viongozi wa dini Pwani waliupinga kwa hoja kwamba ni kumsaidia mtu katika maasi. Hoja hiyo ina mizizi katika fikihi, kwani Qurani inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Upande mwingine ipo kanuni isemayo hakuna kudhuru wala kudhuriana, pamoja na ile ya kuchagua dhara jepesi ili kuepuka lililo zito, na Iran, dola isiyoweza kushutumiwa kwa kulegeza dini, imetoa methadoni na sindano safi hata magerezani. Hata hivyo sindano na chumba havilingani. Anayetoa sindano safi anaweza kujiambia kwamba hajui itatumikaje. Anayesimama pembeni akitazama unga ukiingia mshipani hana pa kujificha. Naamini masheikh wengi waliokubali au kunyamazia sindano watasita hapa, na kusita kwao kutakuwa na mantiki. Wale ambao wamewalea waraibu kwa mikono yao, kama jumuiya ya Waislamu ya MEWA iliyofanya kazi hiyo Mombasa kwa miaka mingi, ndio wanaostahili kusikilizwa kwanza, kabla ya mshauri yeyote anayetua uwanja wa ndege na ripoti yake.

Sasa turudi kwa askari. Nchi zilizofungua vyumba zilipita njia tofauti za kisheria. Jimbo la New South Wales lilitunga sheria maalumu kwa ajili ya Sydney. Insite ilinusurika kwa Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 2011 iliamua kwa kauli moja kwamba waziri alikiuka katiba kwa kukataa kukiongezea kituo kibali. Glasgow ilipita mlango mwembamba zaidi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 haikubadilishwa hata nukta, bali mwendesha mashtaka mkuu wa Uskoti, Dorothy Bain, alisema mwaka 2023 kwamba kuwashtaki watumiaji kwa kukutwa na dawa ndani ya kituo hakutakuwa kwa maslahi ya umma. Walioshindwa nao wapo. Huko Philadelphia mahakama ya rufaa iliamua Januari 2021 kwamba chumba kilichopendekezwa kingevunja sheria ya Marekani inayokataza kuweka jengo kwa ajili ya matumizi ya dawa, sheria ambayo kwa roho yake ni ndugu wa kifungu chetu cha 5.

Kwa Kenya, njia ya Bunge imefungwa kwa sasa. Mwaka 2022 wabunge walikaza adhabu za mihadarati, na sioni mbunge wa Pwani atakayeomba kura akiwa na mswada wa namna hii mkononi. Njia ya mahakama ipo, kwa kuwa Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ila Insite ilikwenda mahakamani ikiwa na miaka ya matokeo mkononi, nasi tungekwenda mikono mitupu. Inabaki njia ya Glasgow. Ibara ya 157 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uhuru wa kuamua bila kuomba ruhusa ya mtu, na inamtaka azingatie maslahi ya umma. Kwa maandishi, basi, jambo linawezekana: kaunti, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya huduma za afya mashinani, ifungue kituo, na Mkurugenzi atoe mwongozo wa kutowashtaki walio ndani.

Tatizo ni kwamba mwongozo wa mashtaka haufungi mikono ya polisi. Inspekta Jenerali ana uhuru wake wa kikatiba, na askari wa doria anaweza kumkamata mteja nje ya mlango akijua kabisa kwamba kesi haitafika popote. Katiba inamruhusu amweke mtu hadi saa 24 kabla ya kumfikisha mahakamani, na kwa mraibu saa 24 za selo ni arosto kamili, adhabu inayotimia kabla ya hakimu kuamka. Askari mwenye njaa analijua hilo, na mteja naye analijua, ndiyo maana hutoa alichonacho ili aachiwe. Chumba chenye anwani inayojulikana, chenye wateja ambao kila mmoja ana kosa mfukoni, kitakuwa shamba la kuvunia kwa askari wa namna hiyo. Na mateja hawahitaji kutangaziwa: wiki ya kwanza wakikamatwa watatu, habari itafika kila maskani kabla ya jua kuzama, na wauguzi watabaki wakitazama viti vitupu.

Fedha zinazidisha ugumu, ingawa ni suala fupi. Kituo cha Glasgow kimetengewa hadi pauni milioni 2.3 kwa mwaka. Chetu kingegharimu sehemu ndogo ya hizo, lakini hata huduma tulizonazo zimetegemea wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, vituo kadhaa vya kuwafikia waraibu nchini vilifungwa au kupunguza huduma. Fedha za Marekani zisingenunua hata bomba la sindano, kwa masharti yao wenyewe. Kaunti inayoshindwa kuhakikisha methadoni haikatiki haina uhalali wa kuanzisha chumba kinachohitaji wauguzi wawili kila zamu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba chumba kamili, chenye jengo na jina lake, hakiwezekani Mombasa katika miaka michache ijayo, na anayekilazimisha atawaumiza wale anaotaka kuwasaidia. Hili halimaanishi kwamba mlango ubaki umefungwa. Naloksoni inaweza kuwekwa mikononi mwa waraibu wenyewe na wahudumu wa mitaani sasa hivi, kwa kuwa anayezidiwa huwa na mwenzake pembeni kuliko muuguzi. Methadoni inaweza kusogezwa hadi Likoni ili mtu asivuke maji kila asubuhi. Vifo vinaweza kuanza kuandikwa, hata kwa maelezo ya familia na mhudumu wa maskani pale maiti isipopasuliwa, ili mjadala ujao uwe na namba za kwetu. Na makubaliano na polisi yanaweza kujaribiwa kwanza kwenye kliniki za methadoni zilizopo, ambako mteja hana kosa lolote kisheria: Mkurugenzi wa Mashtaka, kamanda wa polisi wa kaunti na idara ya afya watie sahihi kwamba hakuna atakayekamatwa njiani kwenda au kutoka kliniki kwa sababu tu anaonekana teja, na malalamiko yahesabiwe kwa mwaka mzima hadharani.

Mwaka huo ukiisha bila wateja kukamatwa mlangoni, viti viwili au vitatu vinaweza kuwekwa katika chumba cha nyuma cha kliniki mojawapo, kwa kuanzia na wanawake, bila bango. Ukiisha huku wanywaji wa methadoni, watu wanaofuata dawa halali ya serikali, bado wanakokotwa hadi kituoni wakiwa na kadi zao za kliniki mkononi, basi tutakuwa tumepata jibu kuhusu mwenye kete, na tutakuwa tumelipata bila kumfanya yeye kuwa chambo.